Stabilaiza ya lenzi: uiwashe lini, uizime lini (maswali ya wapiga picha wa Lamu)

Maswali haya ndio yanarudi kila mara kwa sisi tunaopiga picha huku Lamu, harusi za Mkomani, wageni wa Shela, mashindano ya mashua, Maulidi. Karibu yote yanazunguka swichi moja ndogo ubavuni mwa lenzi, ile ya ON na OFF ya stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza picha mkono ukitikisika, ambayo wengi wanaiwasha siku wananunua lenzi na hawaigusi tena mpaka siku wanaiuza. Mimi nasema ile swichi inafaa iguswe. Kabla hujapiga jiulize kitu kimoja tu, hapa kinachotikisika ni nini, ni mkono wangu, ni yule nnayempiga, ama ni mahali nilipokanyaga? Ukishajua hivyo swichi utajua uiweke wapi.

Nikiwasha, ndani ya lenzi kunafanyika nini hasa?

Ndani mna vijisensa vinaitwa jairo, kimoja kinapima lenzi ikiinama na kuinuka, kingine kinapima ikigeuka kushoto na kulia. Mkono wa binadamu hautulii hata ujibane vipi, moyo unapiga, unapumua, kidole kinabonyeza. Sasa lenzi ikishuka kidogo jairo inajua palepale, na sumaku ndogo zinasukuma kikundi cha vioo ndani ya lenzi kiende upande wa pili, ili picha ibaki ilipokuwa juu ya sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea picha. Fikiria mtu amebeba sinia la chai ndani ya mashua, mashua ikilala kushoto yeye mkono anaupeleka kulia, sinia halimwagi. Ni hio tu.

Lakini kuna mambo haiwezi na ni muhimu uyajue mapema. Stabilaiza ya ndani ya lenzi haizuii kamera ikizunguka kama usukani, yaani upeo wa bahari unapolala upande, hapo vioo haviwezi kufanya kitu. Na kamera ikihama nzima nzima, kwenda juu ama kando bila kugeuka, lenzi nyingi pia hazilioni hilo. Kwa vitu vya mbali hio ya pili haidhuru kitu, kwa vitu vya karibu sana inadhuru na ntaeleza nikifika kwenye picha za hina.

IS, VR, OSS, VC, OS, hizi ni vitu tofauti?

Kazi ni moja. Canon wanaita IS, Nikon VR, Sony OSS, Tamron VC, Sigma OS, Fujifilm na Panasonic OIS. Canon ndio walitoa ya kwanza kwenye lenzi ya kubadilisha, ile 75-300 IS ya mwaka 1995, Nikon walikuwa wameiweka kwenye kamera ndogo ya filamu mwaka 1994 na lenzi yao ya kubadilisha, 80-400 VR, ikaja 2000. Nayataja haya manake lenzi nyingi tunazonunua huku ni za mkono wa pili, na umri wa lenzi una maana kubwa. Zile za mwanzo zinakupa stopu mbili hivi (stopu moja ni mwanga mara mbili, ntaieleza hapa chini), za siku hizi nne ama tano, na za zamani zina vituko vyake kwenye tripodi. Usiulize bei tu, uliza ni ya mwaka gani.

Basi, naiwasha lini?

Kuna hesabu ya zamani ya kushika kamera mkononi na bado inafanya kazi. Chukua milimita za lenzi, spidi ya shata, yaani muda kamera inaacha mwanga uingie, isiwe chini ya moja kwa hizo milimita. Uko na milimita 200, usishuke chini ya 1/200. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo, na hizi ndizo wengi wetu tunazo, zidisha kwanza kwa 1.5 kwa Nikon na Sony ama 1.6 kwa Canon. Kwa hivyo mwenye Canon ya sensa ndogo na lenzi ya 55-250, akivuta mpaka mwisho hesabu yake ni 250 mara 1.6, inakuwa 400, basi anahitaji 1/400. Mwenye 18-55 ya Nikon akiwa kwenye 18 anahitaji kama 1/30 tu.

Ukiona spidi yako imeshuka chini ya hapo na unachokipiga kimetulia, washa. Kila stopu moja ya stabilaiza inakuruhusu uache shata wazi muda mara mbili, kutoka 1/400 unashuka 1/200, halafu 1/100, halafu 1/50, hapo umekula stopu tatu. Boksi inaweza kuandikwa nne ama tano, lakini ile wameipima kwa mashine na kwa utaratibu maalum, mimi kwa kazi ya mteja nahesabu moja pungufu ya iliyoandikwa, nikipata zaidi nashukuru.

Kwa mji wetu huu stabilaiza ni neema kweli. Vichochoro vya Mkomani saa kumi jioni jua halifiki chini, pita chini ya wikio lolote, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, uone mita ya kamera inavyoanguka. Ndani ya nyumba za kale ukitaka zile zidaka za ukutani, na flashi hutaki manake inaua kile kivuli kinachoifanya plasta iwe na uhai, unajikuta na 1/15 hivi. Vyumba vya ndani ya Ngome hivyo hivyo. Milango ya nakshi ndio usiseme, ule mlango unataka tundu la lenzi lifungwe kama f/8 (namba ya f ikikua tundu linabana) ili nakshi za juu na za chini zote ziwe kali, na ukifunga tundu mwanga unapungua, spidi inashuka, na hapo bila stabilaiza itabidi upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, mpaka 6400 na mbao ijae chenga. Stopu tatu zinakutoa ISO 6400 mpaka 800. Mlango hauendi popote, ukuta hauendi popote, kinachotikisika ni mkono wako peke yake, washa bila kufikiria mara mbili.

Nimewasha na bado punda ametoka blari, lenzi ni mbovu?

Lenzi ni nzima. Punda ndio alikuwa anatembea.

Hili ndilo swali naulizwa kushinda yote na ningependa kila mwenye kamera Lamu alielewe. Stabilaiza inatuliza mkono wako, haimtulizi punda, haimtulizi bi harusi, haimtulizi mtoto anayeruka majini kutoka gatini. Kama shata iko wazi 1/30 na punda anapita Usita wa Mui amebeba mchanga, katika huo muda miguu yake imeshasogea, na picha itaonyesha ukuta mkali kabisa na punda kama moshi. Ukiiangalia hio picha vizuri inakwambia yenyewe tatizo ni nini: kama ukuta na punda wote wameharibika, ni mkono wako. Kama ukuta ni mkali na punda kaharibika, spidi ni ndogo. Kama punda hana moshi wa mwendo ila kuna kingine nyuma ndio kikali zaidi, ni fokasi ilienda pengine, na hapo stabilaiza haihusiki kabisa.

Kwa hivyo mtu akiwa kwenye picha, chagua spidi kwa sababu ya mtu kwanza, stabilaiza baadaye. Mzee amekaa barazani anapiga soga, 1/125 inatosha na ukimvizia akinyamaza hata 1/60. Mtu anatembea, 1/250. Punda wa kawaida na mzigo 1/250, punda wa mashindano anatimka pwani 1/1000, wale vijana wa kuruka majini pia 1/1000 na zaidi ukitaka matone ya maji yasimame hewani. Mwanga ukikosekana fungua tundu ama pandisha ISO. Chenga kidogo mteja anasamehe, uso wa bi harusi uliopotea hasamehi mtu. (Na huyo mzee wa barazani umuombe ruhusa kabla, hata ukiwa na lenzi ya mbali.)

Maulidi usiku niiweke vipi?

Hapa watu wanachanganyikiwa manake ni usiku, na kichwani wameweka usiku ni stabilaiza. Angalia nini kinaenda. Vijana wamejipanga safu wanayumba kwa mpigo wa matari, zefe inasonga, kirumbizi fimbo zinapita hewani. Kila kitu kina mwendo. Spidi isishuke 1/125 kwa safu zinazoyumba, kirumbizi ujitahidi 1/500, na hizo huzipati kwa stabilaiza, unazipata kwa lenzi yenye tundu kubwa na ISO ya juu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida haina stabilaiza na bei yake si kali, usiku pale msikiti wa Riyadha itakufaa kushinda zumu ya f/5.6 yenye stabilaiza ya stopu tano. Hebu hesabu: kutoka f/5.6 mpaka f/1.8 ni stopu tatu na kitu za mwanga wa kweli, mwanga unaosimamisha mkono na mtu pia.

Stabilaiza usiku huo iache tu imewashwa kama ipo, haidhuru. Na kuna picha moja ambayo naipenda sana na inaitaka kweli, subiri safu inapoyumba halafu upige kwa 1/8 ama 1/4 huku umeegemea nguzo, msikiti nyuma unabaki mkali, kanzu zinakuwa wimbi jeupe. Bila stabilaiza wimbi utalipata lakini na msikiti utaondoka nalo.

Nikiwa kwenye boti je?

Hapa penye utamu wake, na vitabu vingi havitueleweshi sisi watu wa visiwani. Ndani ya boti kuna mitikisiko mitatu kwa wakati mmoja. Kuna mkono wako. Kuna injini, ule mtetemo unapanda kwenye mbao mpaka kiunoni. Na kuna wimbi lenyewe linakuinua na kukulaza. Stabilaiza ya kawaida imetengenezwa kutuliza mtikisiko wa mkono, huo wa kwanza.

Nikon kwenye lenzi nyingi wameweka nafasi mbili, Normal na Active. Active ni ya mtu aliye kwenye chombo kinachokwenda, gari ama boti, hio ndio uiweke kuanzia unapoingia boti Mokowe, gatini kule bara. Ukiiacha Normal, boti likikulaza, lenzi inaweza kudhani unaizungusha kamera makusudi ikaacha kushika upande mmoja, ama vioo vinafika mwisho wa njia yao na utaona picha inaruka ndani ya kioo cha kuangalilia. Lenzi za Canon nyingi hazina Active, hapo weka modi 1, ile ya kawaida.

Mtetemo wa injini usiupigane kwa lenzi, upigane kwa mwili. Usiegemeze kiwiko kwenye ubavu wa boti. Usiegemeze lenzi kwenye mlingoti, naona wageni wengi wanafanya hivyo wakidhani wamepata pa kutulia na kumbe wameunganisha kamera na injini. Kaa katikati ya chombo, si omoni na si karibu na injini, bana viwiko kifuani, acha kiuno na magoti viimeze mitikisiko. Ukiweza kumwambia nahodha apunguze moto sekunde chache kabla ya picha muhimu, mwambie, wengi ni waungwana na wanaelewa. Kwenye mashua ya tanga huna shida hio ya injini kabisa, chombo kinalala taratibu, na ndio maana picha nzuri za mbele ya mji mara nyingi zimepigwa kutoka kwenye tanga.

Kuhusu upeo kulala upande, nimeshasema lenzi haiwezi. Piga ukiacha nafasi pembeni, nyumbani utanyoosha na kukata. Na spidi weka juu hata kama stabilaiza iko, manake ukipiga mashua nyingine nyinyi wawili wote mko mwendoni, 1/1000 ndio mwanzo wa mazungumzo. Wakati wa kusi bahari ikichafuka mimi naongeza mpaka 1/2000.

Tripodi ndani ya boti usilete.

Mashindano ya mashua nafuata chombo kwa kamera, niiwashe?

Iwashe lakini kwa modi ya kufuata. Unapozungusha kamera kufuata mashua kutoka kushoto kwenda kulia, stabilaiza ya kawaida itaona ule mzunguko ni kosa na itajaribu kuurudisha nyuma, mtavutana. Canon modi 2 inaacha upande wa kwenda na kushika juu-chini peke yake. Nikon ukiwa Normal inatambua yenyewe kwamba unafuata, ila usiweke Active. Lenzi ndogo za bei nafuu kama 18-55 IS hazina modi, nazo zinajitambulia zenyewe, ukifuata kwa mwendo mmoja bila kusita zinaelewa vizuri.

Mashua ikiwa mbali na jua linawaka, piga 1/1000 tu na mambo yaishe. Kufuata kwa spidi ndogo kunapendeza zaidi kwa punda wa mashindano, simama pembeni, 1/60, anza kumfuata kabla hajakufikia na uendelee hata baada ya shata kufunga. Kichwa chake kinatoka kikali na watu wa nyuma wanakuwa mistari. Nyingi zitaharibika, ni kawaida ya picha hio kwa kila mtu, piga nyingi.

Canon ina modi 3 na Nikon ina Sport, ni za nini?

Modi 3 ya Canon inakaa kimya mpaka shata inapofunguka, ndio inafanya kazi. Inafaa kwa kitu kinachobadili njia ghafla, mfano ndege ama mpira, manake kioo cha kuangalilia hakivutani na wewe. Sport ya Nikon ni kwa mambo hayo hayo ya mwendo wa haraka usiotabirika. Kama unapiga milango na harusi hutazikumbuka.

Kwenye tripodi, niizime?

Izime. Huu ndio msimamo wangu na sababu yake ni hii. Lenzi za zamani kama 75-300 IS na 28-135 IS ya Canon hazijui kwamba ziko juu ya tripodi. Jairo inatafuta mtikisiko, mtikisiko haupo, inashika vijimtetemo vya kamera yenyewe na kelele zake za ndani, inasukuma vioo kurekebisha kitu ambacho hakikuwepo, na huo msukumo wenyewe unakuwa mtikisiko mpya. Kwenye picha ya 1/500 hutaona. Kwenye picha ya sekunde 10, umesimama upande wa Manda, kisiwa cha ng'ambo, usiku unapiga taa za mji zikianguka majini, taa zote zitatoka na vimkia.

Lenzi mpya nyingi zinatambua tripodi na kujizima ama kujipunguza zenyewe, ni kweli, na anayekwambia yeye haizimi na picha zake ni nzuri hakudanganyi. Lakini kuzima ni kugusa swichi, na kurudi Manda usiku tena ni nauli ya boti. Izime.

Kuna hali zinazobadilisha hilo. Monopodi, ule mguu mmoja, huo unayumba na wewe, washa. Nikon kwenye vitabu vya lenzi zao kadhaa wanasema pia ukilegeza kichwa cha tripodi ili ufuate kitu, washa. Tripodi kwenye mchanga wa Shela kaskazi likivuma, hapo tripodi si tripodi tena, zamisha miguu mchangani, usiinue ile nguzo ya katikati, ning'iniza begi, na kama lenzi ni ya karibuni piga moja imewashwa na moja imezimwa ulinganishe palepale. Na lile daraja la mbao linaloning'inia kwenye mikoko ya Mida, kule njia ya Malindi, lisikudanganye kwa vile lina mbao, mtu mmoja akitembea lote linacheza. Tripodi pale inacheza pamoja na daraja. Shika mkononi, stabilaiza ON, ngoja wenzako wasimame, ndio upige ndege wako.

Kamera juu ya baraza ya mawe na timer, bila mkono? Izime, baraza ile ni tripodi. Mkono bado umeshika? Washa.

Mchana wa jua kali, spidi 1/2000, kuna haja?

Haja hakuna sana. Jua la saa sita na ISO 100, f/8 inakupa kama 1/400, ukifungua f/4 unafika 1/1600, hapo mkono hauonekani kwenye picha hata kidogo. Kuna wanaoamini kwamba spidi ikipita 1/500 stabilaiza inaweza kupunguza ukali kidogo na wao wanaizima kila wakati, wengine wanasema hawajawahi kuona tofauti. Mimi na lenzi fupi naizima. Na lenzi ndefu, 200 kwenda juu, naiacha hata kwenye jua, kwa sababu nyingine kabisa: picha inatulia ndani ya kioo cha kuangalilia, naona vizuri nnapanga nini, na fokasi inakaa mahali nilipoiweka badala ya kurukaruka kutoka usoni mwa nahodha kwenda kwenye tanga.

Kamera yangu ina stabilaiza ndani ya bodi, lenzi nayo inayo. Zitapigana?

Kama ni za kampuni moja za siku hizi, hazipigani, zinagawana kazi. Ya bodi inasogeza sensa yenyewe, na faida yake kubwa ni kwamba inaweza ule mzunguko wa usukani ambao lenzi haiwezi, na kuhama juu na kando pia. Olympus E-M5 ya 2012 ndio ilifanya watu wazungumze njia tano za kutuliza (kuinama, kugeuka, kuzunguka kama usukani, kuhama juu, kuhama kando), Sony wakaweka kwenye A7 II mwaka 2014, Canon R5 na R6 mwaka 2020. Kwa Sony na Nikon Z, lenzi ikiwa na swichi yake, hio swichi inaamuru vyote viwili, ukizima kwenye lenzi umezima na ya bodi.

Angalia kabla ya kununua lakini, manake muuzaji hatakwambia. Canon R10, R50 na R100 hazina ya bodi, R7 inayo. Sony A6400 haina, A6600 na A6700 zinazo. Nikon Z50 haina, Z5 na Z6 zinazo. Kama bodi yako haina, basi lenzi ya zumu ununue yenye stabilaiza. Na ukivalisha bodi yenye stabilaiza lenzi ya zamani isiyozungumza na kamera, ingia kwenye menyu uiambie milimita ngapi, bila hivyo haijui irekebishe kiasi gani na inaweza kuharibu.

Picha za hina na vito vya bi harusi, mbona hainisaidii?

Umbali. Ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye kidole, kamera ikihama milimita moja kando picha imehama sana, na lenzi ya kawaida inahisi kugeuka tu, kuhama haihisi. Canon 100mm f/2.8L Macro IS ya 2009 ilitengenezwa kuhisi vyote viwili, na kamera zenye njia tano pia zinasaidia. Vinginevyo msogeze bi harusi karibu na dirisha, mwekee mkono juu ya mto, wewe egemea kitu, spidi 1/200 hivi. Tena pale karibu hata wewe kuyumba mbele na nyuma fokasi inatoka, na hilo hakuna stabilaiza inayolizuia.

Nikibonyeza nipige hapo hapo?

Hapana, bonyeza shata nusu, ngoja nusu sekunde mpaka sekunde moja, utaona picha imetulia kwenye kioo, ndio umalizie. Ukibonyeza kwa pupa stabilaiza bado inaamka na picha ya kwanza inaweza kutoka mbaya kushinda kama ungeizima. Kwenye giza piga tatu nne mfululizo, ya katikati mara nyingi ndio kali zaidi kwa vile kidole kimetulia.

Nikitikisa lenzi nasikia kitu kinagonga ndani, imevunjika?

Kwa lenzi nyingi zenye stabilaiza ni kawaida, ni kile kikundi cha vioo kiko huru umeme ukiwa haupo. Ndio maana usichomoe lenzi wala betri wakati stabilaiza inafanya kazi, achia kwanza kidole, subiri kile kimlio chembamba kinyamaze, zima kamera, ndio uchomoe. Ikikatika katikati vioo vinabaki havijafungwa, irudishe kwenye kamera, washa na uzime kawaida, vitajifunga. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni picha inayorukaruka kwenye kioo hata ukiwa umetulia, ama upande mmoja wa picha blari kila mara stabilaiza ikiwa ON na mkali ikiwa OFF. Hio ni ya fundi. Na lenzi inayosafirishwa kwa boti kila siku iwe ndani ya begi lenye sponji, kuruka juu ya mawimbi kunaiumiza kweli.

Inakula betri?

Inakula kiasi, hasa kama una kawaida ya kushikilia shata nusu muda wote. Siku ya harusi beba betri mbili, usizime stabilaiza kwa kuhifadhi chaji.

Kwa video?

Video ya mkononi, ON kila wakati, hata mchana kweupe, manake kwenye video kila mtikisiko unaonekana hata kama kila fremu peke yake ni kali. Ukitembea kichochoroni lenzi peke yake haitatosha, hatua zako ni mtikisiko mkubwa kuliko uwezo wake, tafuta gimbali, kile kishikio chenye mota kinachoituliza kamera. Zile stabilaiza za kidijitali kwenye menyu zinakata kingo za picha, na kwenye kichochoro chembamba kila sentimita ya upana unaihitaji. Maikrofoni ya juu ya kamera inaweza kusikia kimlio cha lenzi, mahojiano yoyote weka maikrofoni ya kifuani.

Na simu?

Simu zenye OIS zina vioo vinavyosogea hivyo hivyo, Nokia Lumia 920 ilikuwa nayo mwaka 2012, iPhone 6 Plus mwaka 2014, siku hizi hata Galaxy A54 inayo. Swichi hakuna, inajiendesha. Zisizo na OIS zinatumia programu kukata na kunyoosha, ambayo inafaa video na haikusaidii picha ya gizani. Moja tu ya kuangalia, usiifunge simu kwenye boti ya injini ama pikipiki bila kishikio chenye mpira wa kuzuia mtetemo, Apple wenyewe wametoa onyo kwamba mtetemo mkali wa injini ukiendelea unaweza kudhoofisha kamera ya iPhone.

Nitajuaje lenzi yangu mimi, na mkono wangu mimi, vinafika wapi?

Tafuta ukuta wa matumbawe wenye mikwaruzo mingi ama mlango wa nakshi, kivulini, simama kama unavyosimama kazini. Weka kamera ujichagulie spidi mwenyewe. Vuta lenzi mpaka mwisho, piga picha kumi kwa 1/200 ukiwa OFF, kumi ON, shuka 1/100 ufanye tena, 1/50, 1/25, 1/13. Zifungue kwenye kompyuta, ukuze mpaka asilimia mia, hesabu ngapi ni kali katika kila kumi. Pale unapopata nane kwa kumi ndio mpaka wako wa kazi ya pesa, pale unapopata tatu kwa kumi unaweza kufika ukiwa na muda wa kurudia. Rudia zoezi ukiwa na lenzi kwenye milimita ndogo, majibu yatakuwa tofauti kabisa, na rudia tena ukiwa umetoka kupanda ngazi za Ngome unahema, kwa sababu siku ya harusi ndivyo utakavyokuwa.

Andika hizo spidi mbili, ya nane kwa kumi na ya tatu kwa kumi, kwenye karatasi uigundishe ndani ya kifuniko cha begi.